Chesisi ya pikapu huliwa kutoka ndani

Mlango wa dereva ulikataa kufunga. Nilikuwa nimesimama Kiboswa kuongeza maji kwenye rejeta baada ya kupanda kilima cha Riat, kreti za mbuta zimejaa nyuma. Nilipopanda tena, mlango ukagota kwenye nguzo ya kebini, juu kidogo ya kitasa. Nikaubamiza mara tatu. Alfajiri hiyo nilipotoka Dunga, ufuoni Kisumu, ulikuwa unafunga kwa kusukumwa na kidole. Nikaendesha hadi Kakamega mlango ukiwa umefungwa kwa kamba ya kreti, nikauza samaki wangu, nikarudi polepole.

Kesho yake nilimpelekea gari fundi mmoja mzee wa kuchomelea pale Kibuye. Hata mlango hakuugusa. Alisimama ubavuni mwa gari akatazama mwanya ulio kati ya kebini na bodi ya nyuma. Upande wa juu alipitisha kidole kimoja kwa shida. Upande wa chini vilipita vitatu.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "mlango ni mzima. Uti wa mgongo ndio umevunjika."

Akaingia chini ya gari na bisibisi, akachokoa ile lami nyeusi iliyokuwa ikinipendeza tangu siku niliyoinunua pikapu. Lami ikabanduka kipande kizima kama gome la mti. Chini yake chuma kilitoka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyokandwa vizuri, na nyuma ya tabaka hizo kulikuwa na ufa ambao ungeweza kupitisha shilingi. Reli ya kulia ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa imepasuka nyuma ya kebini, karibu na mahali springi ya nyuma inaposhikwa. Nilikuwa nimebebea watu chakula chao juu ya hicho kitu kwa miaka minne.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya dizeli ya 1996, injini ya 3L. Niliinunua kwa mtu aliyeitoa Pwani, na chini ilikuwa nyeusi inang'aa kama kiatu cha askari. Nikaambiwa imepakwa isishike kutu. Ukweli ni kwamba ilikuwa imeshashika, ikafunikwa. Kutu iliyofunikwa bila kusafishwa inabaki na unyevu wake na chumvi yake, na inaendelea kula gizani ambako humwoni mlaji. Kwa hiyo ukienda kununua pikapu ya zamani ukaikuta imepakwa lami mpya chini, wiki ile ile inayouzwa, usifurahi. Chukua bisibisi, omba ruhusa, uchokoe. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

Tangu siku ya Riat imepita miaka saba. Gari bado linabeba samaki, na chesisi yake naishughulikia mimi mwenyewe, isipokuwa kuchomelea. Nitaeleza ninavyofanya.

Kwanza uelewe inakula nini

Kutu inataka vitu viwili tu: maji na hewa. Chumvi inauharakisha ule mwendo, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea kwenye chuma kilicholowa. Ndiyo sababu gari la Mombasa huoza mapema kuliko la Eldoret, na magari mengine yaliyotoka Japani hufika hapa yakiwa yameanza kuliwa: kule kaskazini kwao barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Watu wa Kisumu hupenda kuniambia, "Lakini ziwa letu halina chumvi." Ni kweli, maji ya Ziwa Viktoria ni baridi, si kama ya bahari. Lakini maji yanayotiririka kutoka kwenye kreti ya samaki si maji ya ziwa tena. Ni barafu iliyoyeyuka pamoja na damu na ute, na damu ina chumvi. Ikiwa umebeba samaki waliotiwa chumvi, mambo ni mabaya zaidi. Halafu nikirudi kutoka Kakamega sipendi kurudi mtupu, kwa hiyo nabeba mbolea. Mbolea ya CAN ikipasuka gunia, punje zake huvuta unyevu hewani zenyewe, zinayeyuka na kuingia kila upenyo. Mkojo wa ng'ombe nao ni vile vile. Matope ya barabara za mashamba ya miwa kule Chemelil na Muhoroni hayana ukali huo, ila yanafanya kosa lingine: yanaziba matundu na kukaa yamelowa wiki nzima.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Chesisi ya pikapu ni reli mbili ndefu zilizounganishwa na mbavu, na sehemu kubwa ya reli hizo ni kama mrija wa mraba, tupu ndani. Kiwandani wametoboa matundu chini yake ili maji yatoke. Tundu likizibwa na tope, reli inageuka mfereji. Nje utapaka rangi kila Krismasi, ndani chuma kinalala ndani ya maji. Chuma kikigeuka kutu huvimba, kinachukua nafasi mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo kinasukuma na kupanua mishono mahali vyuma viwili vilipolaliana. Ukiona mshono wa chesisi umefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu, ujue ndani kumejaa.

Kupima

Usianze kwa kununua rangi. Anza kwa kulala chini ya gari na nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, tochi, na kipande cha boksi cha kulalia.

Inua gari mahali penye sakafu ngumu na uliweke juu ya stendi za chuma. Nasema stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kukaa chini yake, na tofali au jiwe hupasuka bila kukupigia hodi. Kama huna stendi, lipa gereji yenye shimo siku moja. Vaa miwani ya plastiki ya kukinga macho, maana kutu itakuangukia usoni na kipande kimoja tu kikiingia jichoni kitakupeleka hospitali.

Sasa gonga reli kuanzia mbele kwenda nyuma, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima hulia, kinakurudishia nyundo. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa kama unagonga debe lenye unga. Ukishayasikia hayo mawili mara moja, sikio lako halitakosea tena. Mahali palipotoa sauti mbovu, chokoa kwa bisibisi kwa nguvu za kawaida za mkono. Usiogope kutoboa. Kama bisibisi inatoboa, tundu lilikuwepo tayari.

Sehemu zinazooza kwanza zinajulikana. Juu ya ekseli ya nyuma, pale reli inapopanda na kushuka, matope hukaa mgongoni. Mahali springi zinaposhikwa, mbele na nyuma, ndipo mimi nilipovunjikia. Vile vitako vyenye raba vinavyobeba kebini. Upande wa nyuma wa magurudumu ya mbele. Juu ya tangi la mafuta, ambako hakuna anayeona. Chini ya betri, maana asidi yake hudondoka. Na kila mbavu inapokutana na reli. Paipu za breki zinazopita juu ya chesisi zitazame pia kwa makini: ikiwa zimefura au zina vipele, badilisha kabla ya kufanya lolote lingine. Rangi inaweza kungoja, breki haziwezi.

Ndani ya reli utaonaje? Mimi hutumia simu. Weka kamera kwenye tundu, washa tochi ya simu nyingine kwenye tundu linalofuata, piga picha. Siku hizi kuna pia kamera ndogo za waya zinazochomekwa kwenye simu; fundi wa magari jirani yangu anayo, huwa naazima.

Baada ya hapo amua. Kutu ya wekundu tu juu ya ngozi, ambayo ukiisugua unafika kwenye chuma cheupe upesi, hiyo ni kazi yako na brashi. Kutu inayobanduka magamba lakini bisibisi haipenyi, bado ni kazi yako, ila itakula siku. Tundu au ufa, popote karibu na springi, karibu na boksi ya usukani, au kwenye reli yenyewe, acha kubeba mzigo siku hiyo hiyo na umwone mchomeleaji anayejua chesisi. Mimi nilipita dalili zote hizo kwa sababu gari lilikuwa linawaka vizuri asubuhi.

Kuosha na kukausha

Hapa ndipo watu huharakisha na ndipo kazi yote huharibikia. Rangi au dawa ikiwekwa juu ya chuma chenye tope, grisi au unyevu haishiki.

Peleka gari mahali penye mashine ya presha. Mwambie kijana anayeosha kwamba bodi ya juu haikuhusu leo, unataka chini. Kabla hajaanza, zibua matundu yote ya reli kwa waya mgumu. Kisha aingize maji kwenye tundu la mbele kabisa na aendelee mpaka yanayotoka nyuma yawe safi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, upande mmoja ulitoa tope la kujaza karai, na ndani yake kulikuwa na mifupa ya samaki.

Tafadhali usiliingize gari ziwani kuosha. Najua wengi wamefanya, mimi pia nilifanya zamani, ukiegesha kwenye maji ya magoti na kumwaga kwa ndoo. Tope la ufuoni linaingia kwenye chesisi na maji yanaingia kwenye bearingi, na mafuta yako yanabaki kwenye maji ambayo omena wanavuliwa. Sisi tunaoishi kwa ziwa hatuna haki ya kufanya hivyo.

Kisha kausha. Egesha gari limeelekea juu kwenye mteremko ili maji yatoke nyuma, uliache juani siku mbili kamili. Ukiwa na kompresa, puliza upepo kwenye matundu. Kazi hii mimi huipanga Januari au Februari, kabla ya mvua za masika za Machi. Nikikosa hapo, husubiri siku kavu za katikati ya mwaka. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri, kwa hiyo hata siku kavu napaka kuanzia saa mbili asubuhi na kufika saa saba mchana nimeweka brashi chini.

Kuondoa kutu

Tenganisha betri. Magamba mazito yaondoe kwa nyundo na patasi, si kwa brashi. Brashi ya waya juu ya gamba hung'arisha tu uso, ukadhani umemaliza. Ukishabandua yote, pita na grainda yenye brashi ya kikombe cha waya, halafu msasa wa namba 80 kwenye kona. Funga mdomo na pua, vaa glavu nene na shati la mikono mirefu, maana nyuzi za brashi hiyo hukatika na kuruka kama sindano. Usitoe cheche karibu na tangi la mafuta wala paipu zake. Karibu na tangi mimi hutumia brashi ya mkono, hata kama ni kazi ya kutwa, au tangi linashushwa.

Hutaweza kufikia chuma cheupe kila mahali. Yale mashimo madogo madogo yatabaki na wekundu ndani. Hapo ndipo dawa ya kutu inapoingia, ile yenye asidi ya fosforasi, inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari. Inageuza kutu iliyobaki kuwa tabaka gumu jeusi au la kijivu ambalo rangi hushika. Vaa glavu za raba, ipake kwa brashi, isubirie kadiri kopo linavyosema, kisha futa au suuza kama ilivyoandikwa, ukaushe. Ila fahamu kikomo chake. Dawa hiyo hupenya kutu nyembamba tu. Ukiipaka juu ya magamba, itageuza uso wa juu na kuuacha moyo wa kutu mzima chini yake.

Nimewaona vijana wakimwagia chesisi maji ya betri, wengine asidi ya kusafishia choo, kwa sababu kutu huondoka mbele ya macho yako, chuma kinakuwa cheupe kama kijiko. Naomba usifanye. Asidi ya choo ni ya chumvi, inaacha mabaki kwenye mishono ambayo huwezi kuyasuuza, na baada ya wiki mbili kutu inarudi kwa hasira. Mvuke wake pia huunguza mapafu. Kwa boliti na nati ndogo ulizofungua, siki au maji ya ndimu usiku mmoja yanatosha, kisha suuza, kausha na upake mafuta mara moja.

Ikibidi kuchomelea

Sehemu hii nimeisimamia, sikuifanya kwa mkono wangu, na ndivyo ninavyokushauri nawe. Lakini ni lazima ujue unalosimamia, kwa sababu anayelipa asiyejua huwekewa kiraka juu ya kutu.

Kiraka kinaanzia kwenye chuma kizima. Kilichooza kikatwe mpaka grainda itoe cheche safi. Bamba jipya liwe na unene sawa na wa reli. Ya kwangu mzee aliipima ikawa milimita 3, na akatumia bamba la milimita 3. Bamba nene mno halisaidii, linahamisha mkazo hadi ukingoni mwake na reli inapasuka hapo. Ncha za bamba zisikatwe wima. Mzee alizikata mshazari pande mbili, kama pua ya mtumbwi, ili mshono usipite moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya reli. Mshono wima ni kama mstari wa kukunjia karatasi. Pia alitoboa matundu kadhaa kwenye bamba akayajaza kwa kuchomelea, likashika katikati na si pembeni peke yake.

Vijiti vya kuchomelea vya namba 6013 ndivyo vinavyotumika kwenye mageti na madirisha kila mahali. Kwa chesisi yeye alidai 7018, tena vikavu, vilivyotunzwa kwenye kopo lililofungwa, maana vikivuta unyevu mshono unaweza kupasuka baadaye. Kabla ya kuwasha mashine waya za betri zilitolewa na altaneta ikatenganishwa, tangi likashushwa na kuwekwa mbali, paipu za breki zikafunikwa, na gunia lililolowa likawekwa karibu pamoja na ndoo ya mchanga. Reli ilinyooshwa kwanza kwa jeki mpaka mlango ukafunga kwa kidole, ndipo wakachomelea. Ukichomelea ikiwa imepinda, umeifunga katika upotovu wake.

Namba ya chesisi isiguswe kabisa. Kwenye gari langu imepigwa kwenye reli ya kulia karibu na gurudumu la mbele. Ikilika au ikikatwa utapata shida kubwa kwenye ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na pikapu ya biashara lazima ikaguliwe kila mwaka. Hata kuisugua kwa grainda usiisugue. Isafishe kwa brashi laini, uipake mafuta mepesi.

Kupaka nje

Futa chuma kwa thina na kitambaa safi. Kisha praima, yaani rangi ya chini. Ile praima nyekundu ya mageti ni bora kuliko kuacha wazi, lakini peke yake hupitisha unyevu, kwa hiyo ni lazima ifunikwe na rangi. Mimi nikiwa na pesa hununua praima ya epoksi, ile ya makopo mawili, rangi na hadina, inayochanganywa muda mfupi kabla ya kupaka. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu ikishaanza kuganda haina dawa.

Jambo moja nililofundishwa na mchoraji wa boti pale Dunga limeniokolea rangi nyingi. Rangi hukimbia ncha kali. Kwenye kona za reli, kwenye vichwa vya boliti na kwenye mishono ya kuchomelea huwa nyembamba, na kutu huanzia hapo hapo. Basi zipake kona na mishono kwanza kwa brashi, zikauke kidogo, ndipo upake sehemu zote. Rangi ya mkebe wa kupuliza ni rahisi lakini hupita juu ya mashimo. Brashi huisukuma ndani. Mikono miwili ya praima, miwili ya rangi. Chuma kikiwa kimepata jua hadi hakishikiki, ngoja, la sivyo rangi itatoa malengelenge.

Usipake raba yoyote, wala mabomba ya mpira ya breki, wala sehemu zinazozunguka. Matundu ya reli yachomeke vijiti vinavyoyatosha wakati wa kupaka, uvitoe baadaye.

Na lami ya chini? Juu ya rangi nzima na kavu, kwenye madigadi ambako mawe hugonga, sawa. Kwenye reli za chesisi siipendi tena. Ikipata ufa mmoja maji huingia na hayatoki, na siku ya kukagua nyundo haikuambii kitu.

Kupaka ndani

Rangi haifiki ndani ya reli ipasavyo, kwa hiyo ndani panahitaji kitu kisichoganda, kinachotambaa. Zipo nta za mikebe za kupuliza ndani ya bodi za magari, na mafuta yatokanayo na sufi ya kondoo. Ukizipata na una uwezo, ni nzuri kuliko zote. Mimi huchanganya grisi safi na oili mpya ya gia mpaka mchanganyiko unamiminika kama uji wa mgonjwa. Siuweki motoni, nauacha juani kwenye kopo jeusi mpaka ulainike. Kisha naazima ile bunduki ya upepo ambayo mafundi huoshea injini kwa mafuta ya taa, nafunga mrija laini mrefu kama mkono kwenye mdomo wake, na kuuingiza kwenye kila tundu huku nikiurudisha nyuma polepole. Ukiona mafuta yanajitokeza kwenye mishono, yamefika. Gari litadondosha siku mbili au tatu, kwa hiyo tandika maboksi chini. Ukimaliza, zibua matundu tena, maana mafuta yenyewe huweza kuyaziba.

Wengi watakuambia tumia oili chafu ya injini, ni ya bure. Niliitumia mwaka mmoja. Inazuia kutu kiasi fulani, sikatai. Lakini imebeba masizi na asidi za injini, inadhuru ngozi ya anayeipaka, inalainisha raba, na mvua ya kwanza huisomba kutoka barabarani hadi mtaroni. Mitaro ya Kisumu inakwenda ziwani. Ngege ninayempikia mwanangu anatoka humo.

Kuzuia ndiko kuliko na faida

Kitu kilichosaidia zaidi kuliko rangi zote ni karai moja ya bati. Fundi wa bati alinitengenezea trei inayoenea sakafu yote ya bodi ya nyuma, yenye kingo za urefu wa vidole vinne, na kona ya nyuma imewekwa bomba la plastiki linaloshuka hadi chini ya bampa. Maji ya barafu hayagusi tena chesisi. Nikifika sokoni nakinga ndoo, safari ikiwa ndefu nasimama mahali pafaapo namwaga. Ukiwa mbeba mbolea au ng'ombe, trei hiyo hiyo itakufaa, au turubai nzito iliyokunjwa juu kwenye kingo. Sakafu ya bodi ikiwa na matundu ya boliti yaliyooza, yazibe, kwa sababu kila tundu hapo juu linadondokea reli.

Baada ya kila safari ya samaki, dumu moja la maji safi chini, upande wa ekseli ya nyuma, kabla gari halijalala. Nikibeba mbolea, nafagia kwanza pakiwa pakavu, ndipo naosha. Baada ya masika, na tena baada ya vuli, nalala chini na nyundo yangu na kugonga kuanzia mbele hadi nyuma. Ninapoona rangi imechubuka, nasugua mahali hapo tu na kupaka siku hiyo. Mafuta ya ndani nayarudia kila mwaka, Januari.

Na kwenye mfuko wa mlango wa dereva, ule ule uliokataa kufunga, nimeweka spoki ya baiskeli niliyoiokota kwa fundi wa bodaboda, ncha yake nimeikunja kidogo. Kila ninapojaza dizeli, wakati mhudumu anashika pampu, nainama na kuipitisha kwenye matundu ya reli: manne upande wa kulia, manne wa kushoto. Ikitoka na tope, jioni hiyo naosha. Ikitoka na mafuta tu, naifuta kwa kitambaa na kuirudisha mlangoni.